Ndege Ina Wenyewe

Idara ya Umilikishaji wa Anga inapenda kuutangazia umma kwamba lile swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi, yaani kama hisa za shirika la ndege zinamfaa mwekezaji mdogo, sasa limepatiwa jibu. Jibu ni ndiyo. Lilipatikana katika kikao kimoja, kabla ya chai, na hakuna mjumbe aliyelipinga, kwa kuwa mjumbe aliyetaka kupinga alikuwa ametoka kwenda kuifuatilia hiyo chai.

Sababu za kitaalamu ni hizi. Mwekezaji mkubwa akiingiza fedha nyingi kwenye ndege anaweza kupata hasara kubwa, jambo linaloshtua uchumi. Mwekezaji mdogo ana fedha kidogo, kwa hiyo hata hasara yake ni ndogo na haimshtui mtu. Wakikusanywa wadogo wengi, hasara inagawanyika mpaka haionekani kwa macho. Mkurugenzi alipofika hapo alinyamaza ili tupige makofi. Tukapiga.

Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi, chini ya feni isiyozunguka, nikiwa Afisa Msaidizi wa Matumaini, daraja la chini. Wapo wanaocheka nikitaja cheo hiki, lakini ni cheo halali. Idara ina Kitengo cha Fedha, ambacho kina maafisa lakini hakina fedha, na Kitengo cha Matumaini, ambacho kina kipaza sauti. Nilimaliza sekondari nikiwa na sauti nzuri kuliko matokeo, wakanichukua kwa majaribio. Ili nithibitishwe kazini kulikuwa na sharti moja tu: afisa aanze na ndugu zake.

"Kijana," Mkurugenzi aliniambia, "kama shangazi yako mwenyewe hakuamini, mtu wa barabarani atakuamini vipi?"

Alijuaje kwamba nina shangazi, sijui. Idara ina vyanzo vyake.

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Anafanyia kazi kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga, kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Mkasi wake umefungwa kamba kwenye mguu wa meza kwa sababu una tabia ya kuazimwa na kuhamia kwa watu. Upande wa pili wa kibaraza yupo fundi viatu tunayemwita Gundi, maana akishaanza kubishana nawe hakuachii. Wamegawana kibaraza kwa mstari wa chaki, na kila asubuhi kila mmoja humtuhumu mwenzake kuusogeza.

Nilimkuta shangazi na pini midomoni.

"Shikamoo shangazi."

"Mm-mm," akajibu, yaani marahaba yenye pini. Akazitoa moja moja akizichomeka kwenye kola ya gauni lake. "Umekuja kula au umekuja kikazi?"

"Kikazi."

"Chakula kipo. Kazi hakuna."

Nikawasha kipaza sauti.

"Zima hicho kitu," akasema. "Tupo wawili tu hapa."

"Watatu," alisema Gundi kutoka upande wake wa chaki. "Mwache aseme. Redio yangu imeisha betri."

Ni lazima nieleze hali ya uwekezaji ilivyokuwa pale kibarazani. Shangazi alikuwa akidunduliza fedha za kununua ovaloki, ile mashine ya umeme inayofunga ukingo wa kitambaa ili nguo isifumuke. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amemwahidi kazi ya kushona sare za shule nzima, kwa sharti kwamba ovaloki iwepo kabla shule hazijafunguliwa. Sare za mwaka uliopita zilishonwa na fundi mwingine bila ovaloki, na kufikia katikati ya muhula watoto walikuwa wanakuja shuleni wakiburuza nyuzi kama mikia. Fedha za shangazi zilikuwa karibu kutimia. Zilikuwa ndani ya kopo la vifungo, chini ya vifungo.

"Shangazi," nikaanza, kwa kufuata mwongozo, "wewe ni mtu wa kununua mashine ya kushona wakati unaweza kununua ndege?"

"Ndege nitaiweka wapi?"

"Huiweki. Inakaa uwanjani. Wewe unamiliki sehemu yake tu."

"Sehemu gani?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mwongozo. Nikamweleza kwamba hisa haioneshi sehemu, ni umiliki wa jumla. Gundi akainua uso kutoka kwenye soli aliyokuwa anaigonga.

"Dada, kuwa makini wasije wakakumilikisha choo."

"Bora choo," shangazi akasema. "Wewe watakupa tairi, ulitie kiraka."

"Kijana," Gundi akanigeukia, "si ndege inakula mafuta?"

"Ikiruka, inakula."

"Isiporuka?"

"Inalipia maegesho."

"Ikiharibika?"

"Inalipia karakana."

"Basi hiyo si mali," akasema Gundi. "Huyo ni mkwe."

Shangazi hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, kwa mama muuza mkaa, ambaye alinunua hisa juzi yake, na tangu hapo alikuwa anakaa kwenye kigoda ameegemea upande mmoja, kama abiria aliyepewa kiti cha dirishani.

"Faida yake nini?" akaniuliza.

"Gawio. Shirika likipata faida, linawagawia wenye hisa."

"Lini?"

"Kabla shule hazijafunguliwa," nikasema, kwa kuwa Kitengo cha Matumaini hakijakatazwa kutaja tarehe.

"Na mimi nisiponunua, wewe huthibitishwi?"

"Sithibitishwi."

Akavuta pumzi, akalivuta na kopo. "Nimekulea tangu hujui kufunga kamba za viatu. Nikuache njiani leo? Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Shule zikifunguliwa sina ovaloki, hizo kingo utazifunga wewe kwa meno."

Gundi naye akanunua hisa moja, ili, kwa maneno yake, apate haki ya kulalamika akiwa amekaa.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Idara ikaitisha mkutano mkuu wa wenye hisa. Ukumbi ulijaa mafundi seremala, wasusi, wauza maji, wapiga pasi, na mama muuza mkaa aliyekuja na mto wake wa kukalia. Mkurugenzi alipanda jukwaani akiwa na tai yenye picha za ndege ndogo ndogo.

"Ndugu wenye ndege," alianza, na wenye ndege wakajiweka sawa kwenye mabenchi. "Shirika letu lina ndege tatu. Moja inaruka. Moja inatengenezwa. Ya tatu inatoa vipuri kwa ile inayotengenezwa. Kwa hiyo zote ziko kazini."

Makofi.

"Ile inayoruka haijawahi kuruka na kiti kitupu. Inajaa ikienda, inajaa ikirudi."

Makofi mazito zaidi. Shangazi alinigeukia, uso umemnawiri, akanifinya shavu mbele ya maafisa wenzangu.

"Kuhusu gawio," aliendelea Mkurugenzi, akifungua ukurasa mwingine, "halipo."

Shangazi akaondoa mkono shavuni kwangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani. Gundi akasimama.

"Mheshimiwa, mimi nikishona viatu kutwa, jioni napata angalau cha kununua sabuni. Ndege imejaa kutwa, jioni haina hata cha sabuni. Hao abiria wanalipa nini?"

"Swali zuri sana," alisema Mkurugenzi. "Abiria wetu ni viongozi walio katika majukumu. Kiongozi ni serikali. Shirika nalo ni la serikali. Kiongozi akilipa nauli ni sawa na mtu kutoa hela mfuko wa kulia na kuitia mfuko wa kushoto. Sisi tumeokoa muda huo."

"Na sisi ni mfuko upi?" aliuliza shangazi.

"Ninyi, mama, ndio suruali yenyewe."

Watu wa meza kuu wakapiga makofi. Watu wa mabenchi walikuwa wanatazamana. Msusi mmoja akaanza kukunja mikono ya blauzi, na Mkurugenzi, ambaye ana uzoefu mkubwa wa kutambua mikono ya blauzi, akaomba dakika chache za mashauriano. Walishauriana nyuma ya pazia. Waliporudi walikuwa na waraka, nami nikapewa niusome kwa kipaza sauti.

Waraka ulianzisha Gawio la Heshima. Ulisema hivi: mwenye hisa, kwa kutambua mchango wake, atakuwa na haki ya kukaa bila malipo kwenye kiti chochote cha ndege ambacho hakijalipiwa nauli, na hakuna mtu atakayemwondoa.

Mabenchi yakapoa. Wengine wakatabasamu. Mama muuza mkaa akauliza kama mto wake utaruhusiwa, akajibiwa kwamba utaruhusiwa.

Nilipokuwa nambebea Mkurugenzi mkoba kwenda garini, alinifunulia undani wa sera hiyo. "Umeona? Haijatugharimu hata senti. Kiti kisicholipiwa maana yake kiti kitupu, na ndege yetu haina kiti kitupu. Na hawa watu uwanja wa ndege watakwenda kufanya nini?"

Nilivutiwa na upeo wake. Waraka ukapelekwa uwanjani, ukaingizwa kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Katika historia ya Idara ndio waraka pekee uliowahi kutekelezwa siku uliyosainiwa. Bado tunachunguza nani alizembea.

Kesho yake shangazi alikwenda Idarani kudai fedha zake. Dirisha la kwanza likampeleka la pili, la pili likampeleka la tatu, na la tatu nilikuwepo mimi.

"Shangazi, hisa hairudishwi. Inauzwa tu, kwa mtu anayeitaka."

"Nani anaitaka?"

"Kwa sasa hakuna."

Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Jioni nilimkuta kibarazani, miguu iko juu ya kikanyagio lakini haikanyagi. Mwalimu mkuu alikuwa amepita. Alimwambia Jumatatu shule zinafunguliwa, na kama Jumamosi jioni hakuna ovaloki, kazi inakwenda kwa fundi wa mtaa wa pili.

"Ile ndege inaruka lini?" akaniuliza.

"Jumamosi asubuhi. Mkurugenzi na ujumbe wake wanakwenda kwenye mkutano wa Kumjali Mwekezaji Mdogo. Wanakwenda kupokea tuzo."

"Wamemwalika mwekezaji mdogo yeyote?"

"Viti havikutosha."

Akatikisa kichwa. "Basi na mimi nakwenda."

"Utafikia wapi? Huna mtu kule."

"Nani kasema nasafiri? Hela zangu zimo ndani ya ile ndege. Nakwenda kuzikalia."

"Dada," alisema Gundi, akiweka nyundo chini, "ngoja nibadilishe shati."

Jumamosi asubuhi nilikuwa ndani ya ndege tangu mapema, nimesimama karibu na choo, nimeshika bango la Idara. Kiti sikuwa nacho, kwa sababu posho ya safari haikufika daraja langu na kiti hufuatana na posho. Viongozi walikuwa wameshaketi. Wengine wamevua viatu, wengine wameshafunika macho. Mkurugenzi alikuwa kiti cha mbele, dirishani, anafanya mazoezi ya uso atakaoutumia kupokea tuzo.

Mara akaingia dada wa kaunta, yule anayehakiki abiria, na nyuma yake, wakipanda ngazi kwa adabu kubwa, wakaingia wenye ndege. Shangazi alitangulia akiwa na vazi lake la harusini. Gundi alifuata, viatu vinang'aa kuliko taa. Kisha mama muuza mkaa na mto wake, wasusi, wapiga pasi, na foleni iliyoshuka ngazi mpaka kwenye gari dogo la mizigo walilokodi.

"Kuna nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hawa ni wenye hisa, mheshimiwa," alisema dada wa kaunta. "Kompyuta imewapangia viti."

"Viti gani? Ndege imejaa."

"Imejaa watu, mheshimiwa. Waraka unasema kiti ambacho hakijalipiwa nauli. Nimeangalia mara mbili. Hakuna kilicholipiwa hata kimoja."

Shangazi akafika kwenye kiti cha mbele, akainama kidogo.

"Habari za asubuhi, baba. Samahani, umekalia hela zangu."

Mkurugenzi alicheka, akatazama nyuma apate wa kucheka naye. Nyuma yake Gundi alikuwa tayari anamweleza Mkuu wa Itifaki kwamba haina haraka, avae kiatu kwanza, ingawa kisigino cha kushoto kimekwisha na akipenda atakishughulikia hapohapo.

"Haya, tutalipa nauli," alisema Mkurugenzi. "Dirisha la malipo liko wapi?"

"Lile la malipo tunahifadhia chupa za chai, mheshimiwa," dada wa kaunta akasema. "Halijawahi kupata mtu. Na ufunguo wa mashine ya tiketi uko kwa mkuu wa mauzo."

"Mwite."

"Ni mimi," ilisikika sauti ya unyonge kutoka safu ya tatu. "Ufunguo nimeuacha nyumbani. Kwenye suruali nyingine."

Mkurugenzi alitazama saa. Tuzo ilikuwa inatolewa saa nane, na sharti la tuzo ni mpokeaji awepo. Aliyeshindwa kufika mwaka uliopita alinyang'anywa tuzo, na picha ya kiti chake kitupu ikatoka gazetini.

"Hebu niambie," akamwuliza dada wa kaunta kwa sauti ya chini, "mtu afanye nini ili akae humu bila kuondolewa?"

"Awe na hisa, mheshimiwa."

"Niuzie."

"Zilikwisha. Ninyi wenyewe mliziuza zote." Akaelekeza kidole, kwa heshima, kwenye foleni. "Labda uwaulize wenye nazo."

Ndipo likafunguliwa soko la hisa la kwanza nililowahi kulishuhudia, katikati ya safu ya viti, bango la Idara likiwa juu ya vichwa vya wawekezaji.

"Mama," alisema Mkurugenzi, "hisa zako nitazichukua mimi. Bei gani?"

"Ovaloki," alisema shangazi.

"Hiyo si bei, mama. Hiyo ni mashine."

"Ndiyo. Mashine."

"Ulizinunua kwa pungufu ya hapo."

"Nilizinunua zikiwa hazina mtu anayezitaka."

Mkurugenzi akamwita Afisa Msaidizi wa Matumaini nimshauri shangazi yangu. Nikamshauri. Nikamwambia kwamba kwa mtazamo wa Idara ndege ni uwekezaji wa muda mrefu, na kwamba mwenye subira ataona matunda.

"Umesikia, baba?" shangazi akamwambia Mkurugenzi. "Kijana wenu anasema ni mali nzuri. Basi siuzi."

"Sijui nani anauza, nani ananunua," alinung'unika Mkurugenzi, akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa bahasha ya posho ya safari, ile ya hoteli, chakula na dharura. Akampa yote. Shangazi akaisaini hati ya hisa juu ya mgongo wa kiti, akampa mkono, akamtakia safari njema.

Baada ya hapo bei zikapanda bila ngazi. Mama muuza mkaa aliuza kwa Katibu Muhtasi kwa thamani ya lori la mkaa, na mto akauza kando. Gundi aliuza hisa yake moja kwa Mkuu wa Itifaki kwa bei ya mlango wa chuma na kufuli lake, kisha akatengeneza kisigino bure, kama huduma baada ya mauzo. Mpaka mhudumu anatangaza mikanda ifungwe, bahasha za posho zilikuwa zimeshuka ngazi zote, na ndani ya ndege hakukuwa na abiria. Walikuwemo wenye ndege watupu.

Mimi, nisiye na kiti, posho wala hisa, nilikuwa nakaribia kushuka na bango langu wakati rubani alipotoka chumbani kwake.

"Naambiwa wenye ndege wamo humu," alisema.

"Ndio sisi," alisema Mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akaegemea kiti.

"Nashukuru sana. Yule muuza mafuta yuko hapo chini. Anatafuta wenye ndege tangu mwaka jana. Kila akija ofisini kwenu mnamwambia wenye ndege ni wananchi, akawatafute. Leo nimemwambia wapo, tena wamefungwa mikanda."

Nilipishana naye kwenye ngazi, mtu mnene mwenye kofia na uso wa furaha. Nyuma yake alikuwepo mtu wa maegesho. Nyuma ya mtu wa maegesho alikuwepo fundi wa karakana, amekuja na lile bawa alilolitengeneza bila kulipwa. Mlango ukafungwa ili wazungumze kwa faragha.

Saa tisa alasiri ovaloki ilikuwa inanguruma kibarazani, waya wake umepita juu ya mstari wa chaki na kuingia upande wa Gundi, ambaye ameahidi kulifikisha suala hilo mahakamani. Mwalimu mkuu alikuja, akavuta ukingo wa sare ya kwanza kwa mikono miwili, akavuta tena, akaacha vipimo vya shule nzima. Kuthibitishwa kwangu kazini kumesimama kwa muda, kwa kuwa mwenye kusaini hajashuka. Kwa sasa nashikilia kitambaa upande wa pili wa mashine, na shangazi anasema nashikilia vibaya.

Hata hivyo nimeona ni wajibu wangu kuikamilisha taarifa ya Idara. Utafiti umethibitisha kwamba hisa za ndege zinamfaa sana mwekezaji mdogo, hasa siku anayoziuza. Kuhusu mwekezaji mkubwa, matokeo bado hayajatoka. Muuza mafuta ameagiza chai, na mlango haujafunguliwa.